Maradhi Yafichwayo Chini ya Kanzu na Buibui

Miaka michache iliyopita, mwandishi wa makala haya alipokuwa katibu wa tawi la Chama katika mtaa mmoja wa hapa Unguja, alikuwapo mzee mmoja ambaye hapana aliyemshinda kwa mahudhurio. Msikitini alikuwa mtu wa safu ya mbele. Katika mikutano ya tawi alikuwa akifika kabla ya viti kupangwa. Jioni, barazani, hapakuchezwa bao pasipo yeye. Mara mzee yule akatoweka machoni mwa watu. Kwanza ilikosekana sura yake katika sala ya alfajiri, kisha katika mikutano, kisha barazani. Hata alipofariki jirani yake wa ukuta kwa ukuta hakuonekana mazikoni. Alimtuma mwanawe apeleke rambirambi.

Sisi viongozi tulikaa kitako kutafuta sababu. Na kwa kuwa kila mtu hutafuta sababu katika kile akijuacho, sisi watu wa siasa tuliona kuwa ni siasa. Mzee huyo alikuwa amegombea ujumbe wa halmashauri ya tawi, na kura hazikumtosha. Tukasema amenuna. Nami kwa mkono wangu nikaandika katika daftari la tawi, mbele ya jina lake, neno moja: "Amejitenga."

Tulikwenda kumwona watu watatu, baada ya sala ya alasiri. Alitupokea mlangoni, akaitikia shikamoo zetu kwa upole, lakini hakutukaribisha ndani. Na msomaji wa visiwa hivi anajua uzito wa jambo hilo, mwenyeji kumwacha mgeni kizingitini. Ndani ya nyumba mlikuwa mkifuka udi kana kwamba mna harusi. Tulipomuuliza habari zake alisema, "Ni miguu tu, wanangu. Miguu imechoka." Tukarudi tukiwa na yakini zaidi kwamba mzee kanuna.

Ulipita mwaka mzima. Siku moja kijana wake alinijia ofisini, akafunga mlango, akasimama kwa muda bila ya kusema neno. Kisha akasema, "Ndugu Katibu, baba hana ugomvi na mtu. Baba hawezi kuzuia mkojo."

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kujikosoa, jambo ambalo ni katika wajibu wa kila mwanachama. Ya pili ni kwamba mzee yule hakuwa peke yake. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kuwa, miongoni mwa wanawake watu wazima, baina ya robo na theluthi hupatwa na tatizo la kutokwa na mkojo bila ya hiari katika wakati fulani wa maisha yao. Wanaume ni wachache zaidi, lakini idadi yao huongezeka kadiri umri unavyosonga mbele. Basi hapana shehia, hapana skuli, wala hapana ofisi ya Serikali isiyokuwa na watu wa namna hii. Tunapishana nao njiani, tunapanda nao daladala, tunakaa nao mkekani, na hatuwajui. Kwani wamejifunza kuvaa nguo za rangi iliyokoza, kukaa karibu na mlango, kukataa chai wanapoandaliwa, na kuondoka mapema.

Hapana shaka wapo watakaosema kuwa gazeti si mahali pa kutaja mambo ya mkojo. Tunawajibu kwa heshima. Haya ni katika imani; tumefunzwa hivyo tangu chuoni, na hatuna nia ya kuitupa. Lakini haya humzuia mtu asitende uovu, haimzuii asitafute tiba. Ile inayomzuia mgonjwa kumwambia daktari maradhi yake si haya, bali ni aibu tuliyomtwika sisi jamii kwa kicheko na kwa minong'ono. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Namna mwili unavyofanya kazi

Kabla ya kulaumiana ni vyema tukafahamu jambo lenyewe. Figo zetu mbili huchuja damu usiku na mchana, na kwa siku hutoa kiasi cha lita moja na nusu hadi lita mbili za mkojo. Mkojo huo hushuka katika kibofu, ambacho ni mfano wa kiriba kilichoumbwa kwa misuli, na ambacho kwa mtu mzima huweza kuchukua hadi kiasi cha nusu lita. Shingoni mwa kiriba hicho pana pete mbili za misuli. Ya ndani hujifunga yenyewe bila ya kuamrishwa. Ya nje ipo chini ya hiari yetu. Kibofu kinapoanza kujaa hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya uti wa mgongo, na ubongo nao hujibu ama kwa kukitaka kingoje ama kwa kukipa ruhusa.

Kwa hiyo kuzuia mkojo, jambo tulionalo kuwa dogo, lahitaji kibofu kizima, pete madhubuti, misuli ya nyonga iliyokaza, mishipa ya fahamu isiyokatika njiani, na ubongo wenye kufahamu. Kiungo kimoja kati ya hivyo kikilegea, maji humwagika. Na kila rika la binadamu lina kiungo chake kilicho dhaifu.

Utotoni

Mtoto hazaliwi na uwezo huo. Hujifunza, kama anavyojifunza kutembea. Aghalabu huanza kujizuia mchana akiwa na umri wa baina ya miaka miwili na minne, na usiku huchelewa zaidi. Wakitimia miaka 5, takriban watoto 15 katika kila 100 bado hukojoa kitandani. Kila mwaka upitao, kiasi cha 15 katika kila 100 ya hao huacha wenyewe bila ya dawa, hata wanapofika umri wa miaka 15 hubaki mmoja au wawili katika 100. Wavulana huwa wengi kuliko wasichana. Mtoto wa namna hii si mvivu wala si mkaidi. Ama mwili wake haujajifunza kupunguza kiasi cha mkojo wakati wa usiku, ama kibofu chake ni kidogo, ama usingizi wake ni mzito mno kiasi cha kutosikia wito wa kibofu.

Tena ni jambo la kurithi. Pale ambapo baba na mama wote hawakuwa vikojozi, uwezekano wa mtoto kuwa kikojozi ni kiasi cha 15 katika 100. Ikiwa mmoja wao alikuwa hivyo, uwezekano hupanda hadi kiasi cha 44. Na ikiwa wote wawili walikuwa hivyo, hufika 77. Kwa hiyo mzazi ashikaye bakora kumchapa mtoto kwa kukojoa kitandani, mara nyingi humwadhibu kwa kitu alichomrithisha yeye mwenyewe.

Mwandishi wa makala haya naye alilala juu ya mkeka uliotandikwa mbali na wenziwe hadi alipotimia miaka tisa. Anakumbuka asubuhi za kuubeba mkeka huo kwenda kuuanika uani, huku watoto wenzake wa chuoni wakipita na kumwimbia. Alichapwa, akatishwa, akaimbiwa, na hapana hata kimoja katika hivyo kilichomponya. Alipona kwa kukua.

Tiba ya mtoto ni nyepesi. Anywe maji ya kutosha mchana, apunguze kunywa katika saa mbili za mwisho kabla ya kulala, na aende haja kabla ya kupanda kitandani. Akiwa na choo kigumu atibiwe, kwani choo kikijaa tumboni hukisukuma kibofu. Asifiwe kwa kufuata utaratibu huo, na asitahayarishwe anapoamka na nguo mbichi. Akipita miaka saba na hali ingali ile ile, ziko dawa, na kiko kifaa cha king'ora kinachomwamsha mtoto pale tone la kwanza linapotoka.

Lakini pana ishara ambazo mzazi asizichelewe. Mtoto aliyekwisha kuacha kwa muda wa miezi sita au zaidi, kisha akaanza tena, apelekwe kituo cha afya. Huenda ni kisukari, huenda ni maradhi ya njia ya mkojo, na huenda ni jeraha la moyo: talaka ya wazazi, msiba, au mtu mzima anayemdhuru kwa siri. Na mtoto anayekojoa mara kwa mara kwa maumivu, mkojo ukiwa na damu, huenda ana kichocho. Mdudu wa maradhi haya alitambuliwa na daktari Theodor Bilharz huko Cairo mwaka 1851, na katika vijito na mabwawa ya Unguja na Pemba maradhi hayo yamekuwa jirani yetu kwa vizazi vingi. Kampeni kubwa ya kugawa dawa ya prazikwanteli maskulini na majumbani, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2010, imeyapunguza sana. Ni juu yetu wazazi kuhakikisha kuwa dawa hiyo inamezwa, haitupwi.

Hayo tisa, kumi ni vyoo vya skuli. Mtoto anayenyimwa ruhusa ya kutoka darasani, au anayekuta choo hakina mlango wala maji, hujizuia tangu asubuhi hadi adhuhuri. Msichana aliyebaleghe huacha kunywa maji kabisa. Kujizuia kwa namna hiyo siku baada ya siku hukidhuru kibofu na huleta maradhi. Mwalimu asiidhanie kila ruhusa kuwa ni hila.

Uzazini

Rika la pili ni la mama zetu, dada zetu na wake zetu. Mimba huelemea misuli inayoshikilia kibofu, nao uzazi huinyoosha na pengine kuichana. Ndipo mwanamke anapopiga chafya, anapokohoa, anapocheka au anapoinua mzigo, huona nguo imelowa. Mwanamke wa Paje au Jambiani ainamaye majini na kubeba gunia la mwani mbichi, na mwenzake wa Pemba abebaye ndoo ya maji kichwani akiwa amejifungua miezi miwili tu iliyopita, wanajua jambo hili bila ya kufundishwa. Wengi huambiwa na wakubwa wao kuwa ndivyo uzazi ulivyo, wavumilie. Maneno hayo si kweli. Ni jambo lililoenea, lakini kuenea hakulifanyi kuwa la lazima.

Mwaka 1948 daktari wa Marekani aitwaye Arnold Kegel alitangaza mazoezi ya kuitia nguvu misuli ya nyonga, na hadi leo ndiyo tiba ya kwanza inayopendekezwa na madaktari. Hayahitaji dawa wala fedha. Mwanamke huikaza misuli ile ile ambayo angeikaza lau angetaka kuzuia upepo na mkojo kwa wakati mmoja. Huishikilia kwa kuhesabu polepole hadi tano au zaidi, huiachia, kisha hurudia mara kumi. Hufanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Yaweza kufanywa mtu akiwa amekaa jikoni au ndani ya daladala, na hapana atakayejua. Umoja wa Wanawake na wakunga wetu wakiamua kulifundisha jambo hili katika kila shehia, halitahitaji bajeti.

Lakini liko jeraha la uzazi lililo zito kuliko hilo, nalo ni nasuri, au fistula kama inavyoitwa hospitalini. Mwanamke anaposhikwa na uchungu kwa siku mbili au tatu na mtoto asipite, kichwa cha mtoto hukibana kibofu dhidi ya mfupa. Damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku chache hufunguka tundu. Tangu hapo mkojo hutiririka usiku na mchana bila ya kusita. Aghalabu mtoto naye huwa amekufa. Hivyo mwanamke hupoteza mtoto na siha yake kwa pamoja, na mara nyingi mumewe humfuatisha kwa talaka.

Nasuri huzaliwa na ucheleweshaji. Huzaliwa pale familia inapongoja idhini ya mume aliyesafiri, pale uchungu unapoachwa upite usiku wa pili kwa kumwonea muhali mkunga wa jirani, na pale mgonjwa anapongoja chombo cha kumvusha. Watu wa Tumbatu na Kojani hawahitaji kuelezwa maana ya kungoja chombo ilhali maji yamekupwa. Kwa hiyo chombo cha kuvusha wagonjwa, chenye mafuta na nahodha wa zamu, kina thamani sawa na kitanda cha hospitali.

Tiba ya jeraha hili ina historia ambayo sisi wa visiwa vilivyoonja utumwa hatuna budi kuijua. Baina ya mwaka 1845 na 1849, katika mji wa Montgomery huko Alabama, Marekani, daktari J. Marion Sims alijaribu upasuaji wa nasuri kwa wanawake watumwa. Majina ya watatu kati yao yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Walipasuliwa bila ya dawa ya usingizi. Anarcha peke yake alipasuliwa kiasi cha mara 30. Daktari akapata sifa na sanamu, na wale wanawake wakasahauliwa, hadi Aprili 2018 sanamu yake ilipoondolewa katika bustani ya Central Park mjini New York. Kila mwanamke anayeponywa nasuri leo anadaiwa shukrani na watumwa wale.

Barani kwetu, madaktari Reginald na Catherine Hamlin waliwasili Ethiopia mwaka 1959, na mwaka 1974 wakafungua mjini Addis Ababa hospitali ya nasuri peke yake. Catherine aliendelea na kazi hiyo hadi uzeeni, akafariki Machi 2020. Kwa upande wetu, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake wa nasuri bila ya malipo, na tangu mwaka 2009 ilianza kuwapelekea nauli kwa njia ya simu wale wasiokuwa nacho cha kuwafikisha. Katika majeraha yasiyo magumu, wagonjwa hadi tisa katika kumi huzibwa tundu kwa upasuaji. Na kama jeraha limegunduliwa mapema, mpira wa mkojo ukiwekwa kwa wiki kadhaa huweza kulifanya tundu dogo lijifunge lenyewe. Ole wetu basi ikiwa yupo dada yetu aliyefungiwa chumba cha uani, akiambiwa amerogwa, ilhali tiba iko ng'ambo ya mkondo wa bahari, mwendo wa saa chache kwa boti.

Uzeeni

Mwanamke akikoma hedhi, nyama za njia ya mkojo huwa nyembamba, na lile lililoanzia uzazini huweza kurudi kwa nguvu mpya. Mwanamume naye ana tezi dume, iliyoizunguka njia ya mkojo chini ya kibofu. Ujanani huwa kubwa kidogo kuliko kokwa ya kungumanga; kuanzia makamo huendelea kukua. Wakifikia miaka 60, kiasi cha nusu ya wanaume huwa tezi yao imeongezeka. Mkojo huanza kwa shida, hutoka kwa uzi mwembamba, na mtu huamka mara nne au tano kwa usiku. Ikiachwa, kibofu hakimaliziki tena. Hujaa daima, na kinachotoka nje ni kile kinachofurika, kama birika lisilofungwa bomba.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wetu. Alipofikishwa hospitali na kuwekewa mpira, mlitoka zaidi ya lita moja ya mkojo ndani ya kibofu ambacho yeye alidhani kimelegea na kuwa kitupu. Daktari alisema figo zilikuwa zimeanza kudhurika. Mtu tuliyemwona amenuna alikuwa njiani kupoteza uhai wake.

Tusidhani kuwa kila mzee anayelowa ameshikwa na uzee tu. Uzee wenyewe si maradhi. Kisukari hufanya mkojo kuwa mwingi. Baadhi ya vidonge vya presha hufanya kazi kwa kuyatoa maji mwilini, na kuvinywa usiku badala ya asubuhi kwaweza kumfanya mzee alowe. Amwulize daktari saa ya kuvinywa, wala asiviache kwa hiari yake. Maambukizi ya mkojo, choo kigumu, kiharusi na kuchanganyikiwa akili, vyote huweza kuwa chanzo. Na pengine kibofu hakina kosa lolote: mzee ana goti bovu, choo kiko uani kupita hatua 30 za giza, na hawahi. Mzee wa namna hiyo huhitaji taa, kishikio cha ukuta na chombo cha haja chumbani kuliko anavyohitaji dawa. Tena humuepusha kuanguka usiku, na mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni mara nyingi mtu haamki tena.

Kosa moja hufanywa na takriban wote: kuacha kunywa maji. Katika joto letu hili mkojo huwa mzito, huwasha kibofu, na haja huzidi badala ya kupungua. Dawa si kukaa na kiu.

Dini haikumfukuza mtu

Mzee wetu alikuja kueleza kuwa kilichomuumiza zaidi ya vyote ni sala. Alijiona najisi, akaona msikiti haumtaki. Kwa bahati mbaya hapana aliyemkumbusha yaliyomo ndani ya Safina, kitabu kidogo cha fiqhi ambacho wengi wetu tulikisoma tukiwa watoto. Mwenye hadathi ya kudumu ana hukumu yake, nayo ni ya wepesi. Husubiri wakati wa sala uingie, hujisafisha, hujifunga kitambaa au pamba, hutawadha, na husali bila ya kuchelewa. Na hurudia hivyo kwa kila sala ya faradhi. Kitakachotoka baada ya hapo hakimtoi katika sala yake. Kitabu hicho hicho kimeitofautisha hata najisi ya mkojo wa mtoto mchanga wa kiume aishiye kwa maziwa, kikaihesabu kuwa khafifu. Sheria iliyomtazama mtoto mchanga na mgonjwa kwa jicho la huruma haiwezi kuwa kisingizio chetu cha kuwatenga. Tunawaomba maimamu na walimu wa vyuo wayaseme haya hadharani. Maneno yao hufika mahali ambapo ya daktari hayafiki.

Wajibu uliopo

Mwaka 1965 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bure kwa kila mwananchi, kwa imani kuwa siha ni haki wala si bidhaa. Mwezi wa Aprili 2016 ikaanza kuwalipa pensheni jamii wazee wote waliotimia miaka 70, bila ya kuuliza nani alikuwa mtumishi na nani alikuwa mkulima. Misingi hiyo ni ya kujivunia. Lakini matibabu hayamfikii mtu asiyethubutu kuyaomba, na mzee hawezi kukaa katika foleni ya saa mbili ikiwa hapana choo karibu.

Tunawaomba wahusika mambo manne. La kwanza, muuguzi amwulize kila mama anayerudi kliniki baada ya kujifungua, na kila mgonjwa wa kisukari na presha: je, mkojo unakutoka bila ya hiari? Aulize yeye, asingoje kuambiwa. Swali moja hili huondoa nusu ya aibu. La pili, kusijengwe skuli, soko, gati wala ofisi isiyo na vyoo vyenye maji na mlango unaofungika, na vilivyopo vitengenezwe. Kila mahali wazee wanapokusanywa choo kitangulie viti. La tatu, visiwa vidogo vipatiwe vyombo vya kuvusha wazazi usiku na mchana. La nne, masheha na viongozi wa matawi wafuatilie kila mtu aliyetoweka ghafla katika jamii, na wafuatilie kwa kumjulia hali, si kwa kumhesabia kura.

Nasi wananchi tuna letu. Tuweke chini bakora, tukome kuwaita watoto vikojozi, tusimwache mke kwa jeraha alilolipata akituzalia, na tumpeleke mzee hospitali kabla ya kumnunulia udi.

Mzee wetu alitibiwa kwa dawa, kisha kwa upasuaji. Amerudi safu ya mbele, na barazani bado hapana amshindaye kwa bao. Siku ya kwanza aliporejea kwenye mkutano nilikwenda kumwomba radhi. Alinishika mkono akasema, "Hukujua, mwanangu. Lakini miaka miwili hairudi." Daftari lile bado lipo ofisini, na neno nililoliandika limo, kwa mwandiko wangu. Sikulifuta, ili kila katibu ajaye apate kulisoma na kuulizia habari zake.